Damu ya Bi Nyoosha

Katika kiwanda cha udobi kilichofua mashuka ya hoteli na hospitali za mji mzima, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Nyoosha. Neno hilo halikukauka kinywani mwake tangu asubuhi hadi zamu iishe: nyoosha pindo, nyoosha foronya, nyoosha mgongo wewe dada, shuka halipigwi pasi na mtu aliyejikunja kama kamba. Hata mtu akimjia na udhuru wa kuzungukazunguka, mara mtoto anaumwa, mara sijui shangazi kasafiri, alimkatiza palepale: "Nyoosha maneno. Unataka ruhusa au hutaki?"

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono minene iliyozoea kubeba marobota ya nguo mbichi, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Wasichana waliomwogopa ndio haohao waliomkimbilia walipogombana na meneja, maana Bi Nyoosha hakujua kuremba. Akisema atakutetea, atakutetea. Akisema umekosea, jitayarishe.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi seremala, mtu wa maneno machache kiasi kwamba majirani walidai anayaweka akiba. Binti yao alikuwa ameolewa mbali. Aliyebaki nao ni wifi yake Bi Nyoosha, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyekuja kukaa nao baada ya kufiwa. Huyo maneno hakuyaweka akiba hata kidogo.

Siku ya ajali haikuwa na dalili yoyote ya kuwa siku tofauti. Mashine kubwa ya kunyoosha mashuka ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Rola za mashine hiyo hupashwa moto kwa mvuke unaotoka kwenye boila nyuma ya ukuta, nao mvuke huletwa na bomba nene la mpira. Bomba hilo lilipasuka karibu na kiungo. Ulisikika mlio mkali, wingu jeupe likajaa, na wasichana wakatawanyika wakipiga mayowe.

Koki ya kufungia ilikuwa upande uleule mvuke ulikotokea. Bi Nyoosha alijua ilipo hata akifumba macho, na kwa kweli aliyafumba. Alijitupia shuka bichi usoni, akaingiza mikono, akaizungusha koki mpaka ikakaza. Mlio ukakoma. Ndipo alipogeuka, akawaangalia wenzake kama mtu anayetaka kuwapa maagizo, kisha akaanguka.

Baadaye watu walipotaka kumwita shujaa, hakuwapa nafasi. "Ushujaa gani? Mimi ndiye msimamizi. Mlitaka afunge nani, mgeni?"

Wenzake walimmwagia maji ya bomba, mengi, wakaendelea kummwagia bila kuchoka mpaka gari la wagonjwa likafika. Mvuke ulikuwa umemuunguza mikono yote miwili, kifua na bega zima kuelekea mgongoni. Uso ulipona kwa sababu ya lile shuka.

Wodi ya majeruhi wa moto ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya dawa iliyoshika hadi kwenye chai. Siku za mwanzo Bi Nyoosha alivimba mpaka mumewe akasimama kando ya kitanda akisoma kibao cha jina, asije akawa anamlilia mke wa mtu. Dripu zilining'inia kila upande. Kubadilishwa bandeji kulimfanya aume kitambaa na kumwaga machozi bila sauti, kisha nesi akimaliza, yeye humshukuru kwa sauti nzito kabisa, kana kwamba ndiye bosi wa pale.

Asubuhi ya kwanza aliyopata nguvu ya kuongea, aliguna, akageuza macho kuelekea kwenye shuka alilolalia. "Hili la kwetu," alimwambia nesi. "Limepigwa pasi ovyo. Sijui nimemwachia nani zamu."

Nesi alicheka hadi akalazimika kuegemea ukuta. Tangu siku hiyo wodi nzima ikajua ni mgonjwa wa namna gani waliyempata.

Ni katika siku hizo alipofika kwake mtaalamu wa maabara, bwana mmoja mrefu, mpole wa sauti, aliyetembea na trei ya vichupa vilivyogongana kila alipopiga hatua. Wagonjwa walimsikia kabla ya kumwona, wakambatiza Bwana Vichupa. Yeye alikuwa katika kundi la watafiti, na alikuja kuomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta au unachukua?"

"Nachukua," alisema, akatabasamu kwa aibu. "Lakini kwa ruhusa yako. Tunachunguza damu za watu walioungua sana au kuumia vibaya. Tungependa kuchukua yako kidogo, mara kwa mara, ukiwa hapa na hata ukishatoka."

Wifi mtu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti akimenya chungwa, aliweka kisu chini. "Hebu ngoja, baba. Mtu kaungua mikono, kifua na bega, maji ya mwili yanamtoka kila upande, halafu wewe unakuja na vichupa vyako uchukue hata kile kidogo kilichobaki?"

"Shangazi, ni kiasi cha kijiko cha chai kila mara. Na akikataa, matibabu yake hayapungui hata chembe."

"Ndivyo mnavyosemaga."

"Wifi, mwache aseme," Bi Nyoosha alisema. "Wewe bwana, unatafuta nini kwenye damu yangu?"

Bwana Vichupa alivuta pumzi. "Unajua, mama, mwili ni kama nchi yenye jeshi..."

"Jeshi liache hukohuko. Nyoosha maneno."

Akaanza upya. Alimweleza kuwa mtu akiungua sana, habari haziishii kwenye ngozi. Chembe za kinga humwaga protini ndani ya damu, na protini hizo ndizo zinazopeleka ujumbe mwili mzima. Nyingine huwasha homa. Nyingine huita chembe nyeupe zikimbilie kwenye kidonda, na nyingine huja nyuma kutuliza mambo. Tatizo ni kwamba kwa mtu aliyeungua vibaya, ujumbe huo hutoka mwingi kupita kiasi, na wakati mwingine mwili hujiumiza wenyewe. Au kinga huchoka, na vijidudu vinapata upenyo. "Sisi tunapima zipi zimepanda na zipi zimeshuka, na lini. Tunataka tuweze kujua mapema nani anaelekea pabaya."

"Na mimi naelekea wapi?"

"Bado sijui, mama."

Jibu hilo lilimpendeza Bi Nyoosha kuliko yote aliyoyasikia tangu alazwe. Kila aliyekuja kumwona alikuwa anamwambia atapona tu, atapona tu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Huyu hajui, na amesema hajui. Akamtupia jicho mumewe, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Damu ni yako," fundi seremala alisema. Akafunga akiba yake.

"Basi chukua," Bi Nyoosha alimwambia Bwana Vichupa. "Ila ukipata jibu uniambie. Sitaki kuwa mtungi wa kuchotwa tu."

Kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa yote, mshipa ukatafutwa mguuni. Bwana Vichupa alikuwa na mkono mwepesi. Wifi alihesabu vichupa kwa macho makali mpaka cha mwisho, ili kuhakikisha hakuna kinachoingizwa mfukoni.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Walimpandikiza ngozi kwenye mikono, ngozi iliyotolewa pajani, nayo ikashika. Homa haikuondoka, ilipanda na kushuka, lakini madaktari hawakushtuka, maana mtu aliyeungua kiasi kile huwa na homa hata kama kidonda ni safi. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ikiwa mwili unawaka siku zote, utajuaje siku uliyowaka kwa sababu nyingine?

Yaliyofuata Bi Nyoosha mwenyewe hayakumbuki. Alisimuliwa na wifi yake, kwa hiyo msikilizaji anaruhusiwa kupunguza chumvi. Inasemekana aliamka akiwa ametoa macho, akaanza kusimamia zamu. Aliamuru wagonjwa wenzake wakunje mashuka. Alimfukuza kazi mzee wa kitanda cha jirani kwa uvivu. Watu wakacheka, kwa sababu walishamzoea kwa vituko. Wifi hakucheka. Alimfahamu vizuri mke wa mdogo wake, akajua kwamba Bi Nyoosha hutania akiwa anakutazama usoni, na sasa alikuwa hamtazami mtu.

Akatoka mbio hadi kwa daktari wa wodi, mwanamke mfupi aliyevaa raba na kutembea kama anayewahi treni. "Daktari, huyu si yeye."

Daktari alikuwa tayari njiani. Mkononi alikuwa na kipimo cha asubuhi cha wodi, kile wanachompima kila mgonjwa wao. Kulikuwa na protini moja ambayo kwa Bi Nyoosha ilipanda sana baada ya ajali kisha ikawa inateremka taratibu, siku hadi siku, kama inavyotakiwa. Sasa ilikuwa imegeuka, inapanda tena, na kwa kasi. Peke yake namba hiyo isingetosha. Lakini namba imegeuka, shinikizo la damu limeshuka, na mgonjwa anamfukuza kazi jirani yake. Daktari hakusubiri. Alifungua bandeji za mgongoni, akaona sehemu ya kidonda imebadilika rangi, akachukua damu na usaha vipelekwe maabara kuoteshwa ili kijidudu kijulikane, akabadilisha dawa palepale. Siku hiyohiyo Bi Nyoosha alirudishwa chumba cha upasuaji, kidonda kikasafishwa.

Fundi seremala alikaa kwenye benchi la nje akisugua kidole gumba kwenye ukingo wa benchi, pale lilipokuwa halijapigwa randa sawasawa. Dada yake alizungumza na Mungu, na wauguzi, na yeyote aliyepita. Ilikuwa kufa kupona, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiwa.

Bi Nyoosha aliporudiwa na fahamu, kitu cha kwanza alichokiona ni wifi yake amelala kwenye kiti mdomo wazi.

"Funga mdomo, inzi wataingia," alimwambia.

Wifi akashtuka, akaangalia, akakuta macho yale yanamtazama yeye, moja kwa moja. Akaangua kilio cha furaha kilichowafanya manesi waje mbio wakidhani mtu amekufa.

Alitoka hospitali akiwa mwepesi kama gunia tupu, amevaa nguo maalumu za kubana mikono na kifua ili makovu yasivimbe. Majirani walimpokea kwa vigelegele. "Umepona!" walimwambia, naye akajibu nimepona, maana ngozi ilikuwa imefunga, na ndicho walichokiona wote.

Basi hapo ndipo shida nyingine ilipoanza, shida ambayo haikuwa na bandeji.

Alichoka. Si uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Huo alikuwa anaujua vizuri na kuuheshimu. Huu ulimkuta ameamka tu. Akifagia uwanja, moyo unapiga kama amekimbizwa. Akila, na alikula sana, mwili haunenepi. Joto likizidi kidogo alihisi anachemka kwa ndani. Mafua yakipita mtaani, kwake yanaingia na kutandika mkeka. Alikuwa analala mchana, yeye aliyekuwa akiamini kuwa kulala mchana ni ugonjwa wa matajiri.

Miezi ikasogea, na huruma ya watu ina kikomo chake. Alasiri moja alikuwa amejilaza chumbani, dirisha wazi, akamsikia wifi yake uani akizungumza na mdogo wake.

"Nakuambia kama dada yako. Mkeo amezoea kuhudumiwa. Ngozi imepona, kula anakula, lakini ufagio haushiki. Anadeka."

Fundi seremala alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Msasa ukasimama. "Hajawahi kudeka," alisema. Msasa ukaendelea.

Bi Nyoosha alilala akitazama dari. Maneno ya wifi hayakumuuma kama jambo moja: kwamba hata yeye alikuwa anajiambia hivyohivyo. Alikuwa anajisimamia mwenyewe, anajikaripia, nyoosha mgongo wewe, na mgongo hausikii. Mwili uliokuwa ukimtii maisha yake yote sasa ulikuwa kama mfanyakazi aliyegoma bila kutoa sababu.

Akapiga moyo konde, akarudi kazini. Meneja alimpokea kwa mikono miwili, akampa zamu yake nzima. Wasichana walimpigia makofi. Aliweza kwa muda. Alipita kati ya mashine, akakemea, akasifu, akakataa kulisogelea bomba jipya, akalitazama kwa mbali tu. Kabla ya mapumziko ya chai macho yalianza kuona giza. Aliketi kwenye marobota ya taulo, "nifunge kiatu tu," na alipofumbua macho alikuta amefunikwa kwa shuka, na mashine zimepunguzwa kelele. Wasichana walikuwa wananyata kumzunguka kama wanaopita kwenye nyumba ya msiba.

Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliondoka bila kuaga.

Zamu yake ya kurudi kliniki ya watafiti ilipofika, alimlazimisha wifi yake amsindikize. "Unasema nadeka," alimwambia mlangoni. "Twende ukashuhudie mtu anayedeka anavyochomwa sindano."

Wifi aliona aibu kidogo kwamba alisikika, lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Twende," alisema, akavaa viatu.

Bwana Vichupa alifurahi kumwona. Alitafuta mshipa kwenye mkono safari hii, upande wa ndani ambako ngozi ya zamani ilikuwa imebaki, akachukua damu yake. Alipotaka kufunga trei, Bi Nyoosha akaiwekea mkono.

"Tulikubaliana nini wodini? Nimekupa damu toka nimevimba kama unga wa mkate ulioumuka. Sijawahi kukuuliza. Leo nauliza. Damu yangu inasemaje?"

"Mama, haya ni majibu ya utafiti. Hatuna desturi ya..."

"Nyoosha."

Alikuna kichwa. "Ngoja nimuulize daktari."

Akaenda, akakaa sana huko. Aliporudi alikuwa ameongozana na yule daktari wa raba, ambaye naye alikuwa katika utafiti ule. Daktari alivuta kiti akakaa karibu kabisa, magoti yakakaribia kugusana.

"Tulikuwa tunasubiri tuwe na watu wa kutosha kabla ya kuzungumza," alisema. "Lakini umeuliza, na haki yako ni kujibiwa. Kwanza wewe niambie. Unajisikiaje? Usinipe jibu la majirani."

Basi Bi Nyoosha akamwambia. Alimwambia yote, moyo, joto, mafua, marobota ya taulo. Wifi alitazama sakafu.

"Sawa," daktari alisema. "Sasa sikia. Zile protini za kuitana, ambazo kwa mtu ambaye hajaungua huwa chache sana, kwako zilipungua baada ya kutoka wodini, lakini hazijarudi chini. Mara ya mwisho tulipopima bado zilikuwa juu, mara kadhaa ya kawaida. Ngozi imefunga, lakini kwa ndani mwili wako bado unaendelea kama ajali haijaisha. Moyo unakimbia, chakula kinaungua haraka. Na tukizijaribu chembe zako nyeupe kwa vijidudu, zinaitikia kwa uvivu kuliko zinavyopaswa. Pengine ndiyo maana mafua hayakuachi."

"Ni mimi peke yangu?"

"Wengi wenu. Karibu kila aliyeungua kama wewe katika utafiti huu."

"Na mtu aliyechoka, kuna namba ya kuchoka?"

Daktari akatabasamu. "Hakuna. Siwezi kutazama kichupa nikakuambia umechoka kiasi gani, na sitakudanganya kuwa namba hizi zinaeleza kila kitu. Lakini kama swali lako ni iwapo unajisingizia, jibu ni hapana. Hujisingizii."

Bi Nyoosha alimtazama wifi yake. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, kikapanda, mpaka ngozi ya kifua ikamvuta akashika meza. Hakucheka kwa sababu habari ilikuwa nzuri. Alicheka kama mtu aliyekuwa anamtafuta mwizi ndani ya nyumba, akaambiwa mwizi ana jina, ana sura, na amewahi kuonekana kwa wengine.

Aliyeuliza swali lililofuata ni wifi. "Dawa yake?"

"Hakuna kidonge tunachoweza kumpa leo. Muda, pengine mwaka na zaidi. Chakula chenye nguvu, maharage, mayai, maziwa, samaki. Mazoezi kidogo kidogo, yaongezwe taratibu, asilale tu. Lakini akichoka apumzike kabla ya kuanguka, si baada. Apate chanjo zake. Na wenye mafua wasimkaribie."

"Sasa mbona hamkutuambia mapema?"

"Mapema hatukuwa na uhakika," daktari alisema. "Hata sasa tunao nusu."

Wifi alitikisa kichwa kwa uzito, kama waziri aliyekabidhiwa wizara.

Na kweli aliikamata. Tangu jioni hiyo nyumba ilikuwa na utawala mpya. Mayai yalichemshwa bila mtu kuulizwa. Kila asubuhi wifi na Bi Nyoosha walitembea hadi mwisho wa barabara na kurudi, wakigombana njia nzima juu ya nani anatembea polepole. Saa ya kupumzika ilipofika wifi alikaa mlangoni na kazi yake ya kushona, na jirani aliyethubutu kukohoa hakuvuka kizingiti. "Peleka kifua chako kwako," aliwaambia. "Humu ndani kuna mtu ana protini." Mtaani ikaenea kwamba mke wa seremala ana ugonjwa unaoitwa protini, na ilichukua muda kuizima habari hiyo, kwa sababu aliyeieneza alikuwa analala nyumba hiyohiyo.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Siku moja tu, akimpaka Bi Nyoosha mafuta kwenye makovu, alisema, "Nilidhani ukiona ngozi umemwona mtu."

"Paka na huku begani," Bi Nyoosha alimjibu. Ikawa imekwisha.

Alipoona nguvu zimeanza kujikusanya, alikwenda kwa meneja. Hakwenda kuomba, aliingia ofisini, akakaa kabla ya kukaribishwa, akaweka mambo mezani. Atafanya nusu ya zamu, asubuhi. Atasimamia kutoka kwenye meza ya ukaguzi, mbali na mvuke, ambako kuna dirisha. Atakaa kwenye kiti kirefu ambacho mumewe ameshakitengeneza na kiko nje kwenye mkokoteni. Nusu ya pili ataisimamia msichana mmoja hodari aliyemtaja, na Bi Nyoosha atamfundisha mwenyewe.

Meneja alikuna kidevu. "Bi Nyoosha, unajua nakuheshimu. Lakini msimamizi wa nusu zamu, hilo halijawahi kutokea hapa."

"Bomba kupasuka nalo lilikuwa halijawahi kutokea."

Meneja akatazama dirishani, ambako fundi seremala alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, kiti kimefunikwa gunia, mwenyewe ametulia kama mtu asiye na haraka ya kurudi nacho.

"Tujaribu," meneja alisema.

"Kiti kiingie sasa au kesho?"

"Kiingie."

Wiki ile ya kwanza alifanya jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Wasichana walipokwenda kunywa chai, alishuka kwenye kiti, akatembea hadi kwenye mashine ya kunyoosha. Akaiangalia koki, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka mkono ukaizoea. Kisha akaifungua iachie mvuke wake, maana kazi ilikuwa inangoja, akarudi mezani.

Damu yake iliendelea kuchukuliwa. Mara nyingine majibu yalimfurahisha, mara nyingine hayakusogea, na kuna wakati baada ya mafua makali yalipanda tena, naye akaongeza muda wa kupumzika bila kujilaumu wala kumlaumu mtu. Mwaka ulipozunguka, Bwana Vichupa alimwambia kwamba protini mojawapo imeshuka hadi karibu na ya watu wasioungua. Nyingine bado inajivuta. Chembe nyeupe zinaitikia vizuri zaidi. Akamuuliza kama yuko tayari kuendelea mwaka mwingine.

"Niko tayari," Bi Nyoosha alisema. "Ila usiniite siku ambayo hoteli zinaleta mashuka. Hiyo siku nina kazi."

Alipotoka hapo hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwa mshonaji, akiwa na kitambaa cha rangi ya chungwa alichotumiwa na binti yake. Daktari alikuwa amemruhusu kuacha zile nguo za kubana, na mikono ilikuwa wazi, ina mabonde na mistari, sehemu nyeusi na sehemu za waridi. Mshonaji alizungusha utepe wake kifuani, mabegani, akafika mikononi akasita.

"Mikono nikuwekee mirefu, mama? Ifike hapa kwenye kifundo cha mkono... au mpaka kwenye vidole?"

"Mifupi."

"Mifupi?"

"Ngozi hii haitoi jasho, binti. Ukinifunika nitachemka." Akauinua mkono juu ili utepe upite vizuri. "Pima hapo, juu ya kiwiko. Na kiunoni uache nafasi. Nimeanza kunenepa."